Mti wa Mita Moja

Asubuhi ile Benoît alikwenda kuutazama mto hata kabla hajanawa uso. Alisimama juu ya mwamba, akaangalia maji, akarudi nyumbani. Chai ilikuwa haijachemka, akaenda tena. Mkewe Agathe alikuwa akiponda ndizi za lituma, yale madonge ya ndizi, mbele ya mlango. Alimwambia kwamba mto haupungui kwa kutazamwa.

Agathe alisema kweli, lakini Benoît hakuwa na utulivu wa kusikia ukweli. Ukoo wake ni wavuvi wa maporomoko ya Kisangani. Tangu zamani watu wake hukita miti mirefu katika matundu ya mwamba, katikati ya maji makali. Huifunga kwa kamba za mwituni, kisha huning'iniza vikapu vikubwa. Maji yenyewe huwaletea samaki. Kila ukoo una mahali pake. Na kwao desturi ilikuwa moja, haikuwa na huruma: mahali pasipokuwa na mti maji yanapopanda, ukoo mwingine una ruhusa ya kupachukua.

Mwaka ule wa 1956 mto ulikuwa umeng'oa mti wao mkubwa. Kiangazi kilikuwa kinakwisha. Mvua zilikwisha kuanza kule juu, na maji yalikuwa yamebadilika rangi. Watu wa ng'ambo walipita kwa mitumbwi yao, wakaangalia lile tundu tupu, wakasalimu kwa adabu nyingi kuliko kawaida. Adabu ile ilimkosesha Benoît usingizi.

Shida ilikuwa urefu wa mti mpya. Mti wa zamani uliwekwa na Papa Émile, baba yake Benoît, naye alikuwa amekwisha kufa. Hakuna aliyejua ulikuwa mrefu kiasi gani. Kulipima tundu kwa jiwe na kamba hakukuwezekana, maana maji yalilivuta lile jiwe kama jani. Vilibaki vitu viwili tu. Cha kwanza ni kamba ya Papa Émile iliyookolewa mti ulipong'oka, ile iliyokuwa ikining'inia wakati wa kiangazi kutoka ncha ya mti mpaka juu ya maji. Benoît aliipima: mita saba. Cha pili ni maneno ya marehemu mwenyewe. Kila mwaka alipokuwa akiushika mti ule, alisema, "Mwamba unakula moja ya sita, maji yanakula robo, inayobaki ni yetu."

Augustin, dereva wa lori la magogo, alikubali kuwaletea mti kutoka msitu wa njia ya Banalia. Angeondoka jioni hiyohiyo, na asingepita tena kabla ya maji kupanda. Alitaka kujua jambo moja. Mti ukizidi mita kumi, lazima afunge remorke, yaani lile gari la kukokotwa nyuma ya lori. Usipozidi, ataiacha.

Tonton Urbain, mdogo wake Papa Émile, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Yeye alitaka wakate mita tisa, kama mti wa jirani, mambo yaishe. Lakini Benoît alikuwa akisoma jioni katika darasa la watu wazima, na karibuni tu alikuwa ameanza aljebra. Akasema mbele ya watu wote kwamba hakuna haja ya kubahatisha, hesabu itautoa urefu wenyewe. Mdomo wake ulitangulia, kichwa kikabaki nyuma kikiukimbilia.

Basi alichukua kipande cha mkaa, akaandika ubavuni mwa mtumbwi uliopinduliwa. Wanaume wakasogea. Alieleza kwamba urefu asioujua atauita x. Mwamba unachukua x gawanya kwa sita. Maji yanachukua x gawanya kwa nne. Juu zinabaki mita saba. Vyote vikijumlishwa, ni mti mzima, yaani x:

x/6 + x/4 + 7 = x

Hapo alikuwa sawa kabisa, na Tonton Urbain mwenyewe alitikisa kichwa kwa kukubali. Benoît alikumbuka pia alivyofundishwa kuondoa vipande. Tafuta namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa sita na kwa nne. Ni kumi na mbili. Zidisha kwa hiyo. Alizidisha x/6, akapata 2x. Alizidisha x/4, akapata 3x. Ile x ya upande wa pili ikawa 12x. Saba akaiacha kama ilivyo, akaandika:

2x + 3x + 7 = 12x

Akaendelea haraka haraka. Akaondoa 5x pande zote mbili. Saba ikawa sawa na 7x. Kwa hiyo x ni moja.

Watu walilitazama lile jibu. Kisha mtu mmoja akaanza kukohoa kicheko, na wengine wakashindwa kujizuia.

"Metre moja," alisema Tonton Urbain. "Bon. Hii Augustin ataitia mu mufuko ya shati."

Benoît alifuta, akaandika upya. Jibu likatoka lilelile, moja. Watu walikwisha kuupa mti jina, Mti wa Mita Moja, na mtu mmoja akauliza kama utahitaji kikapu au kikombe. Tonton hakucheka tena. Alisema lori litapita jua likishuka, na kama hesabu haitakuwa tayari, wanakata tisa. Benoît aliona aibu, lakini hofu ilizidi aibu. Alijua kwamba mti mfupi utalegea tunduni, na mto hauna subira na mti uliolegea.

Akaondoka mbio kumtafuta mwalimu wake, Évariste. Nyumbani hakumkuta. Shuleni hakumkuta. Alimpata kwa Nassoro, fundi baiskeli aliyetoka Maniema, amekaa juu ya sanduku akingoja gurudumu lake. Mwalimu alitaka kumkaribisha kiti. Benoît alikataa kukaa. Akaandika yote mavumbini, akiwa amechutama, akitazama jua kila mara.

Évariste alisoma polepole mpaka mwisho, ingawa mwanafunzi wake alikuwa akihema. Akaweka kidole juu ya ile saba.

"Hii, juu ya nini hukuizidisha?"

"Iko nzima, mwalimu. Haina kipande. Kwetu samaki nzima hatuigusaka."

Mwalimu alimwomba aeleze, na Benoît akaeleza. Kwao, kikapu kikitolewa majini, samaki wadogo hugawiwa wazima na wakubwa hukatwa. Mtu akilalamika kwamba kipande chake ni kidogo, vipande vyote hurudishwa mkekani, vikasawazishwa. Lakini aliyepewa samaki mzima harudishi kitu. Basi Benoît aliona kwamba ile kumi na mbili ni dawa ya vipande. Saba haikuwa na kipande, itakunywaje dawa isiyo yake?

Évariste hakucheka. Alisema desturi ile ni nzuri kwa samaki, lakini hapa hakuna anayegawa. Hapa kuna pande mbili zilizo sawa, na lazima zibaki sawa. Kisha akamwomba Nassoro spoku za zamani, vile vijiti vya chuma vya gurudumu. Akahesabu kumi na mbili, akazipanga chini, moja kando ya nyingine. Kwa kila spoku alipitisha kucha, akionyesha kidogo cha mwamba, kidogo cha maji, na sehemu kubwa ya juu.

"Kila moja ni muti yako," alisema. "Ukizidisha kwa kumi na mbili, hauko tena na muti moja. Uko na miti kumi na mbili. Maji inakula robo ya kila moja. Yote pamoja inakula miti ngapi?"

"Tatu."

"Na mwamba, moja ya sita?"

"Mbili."

"Bon. Na metre saba za juu, ziko za muti gani?"

Benoît alizitazama spoku. Kila moja ilikuwa na sehemu yake ya juu. Aligusa ya kwanza, akagusa ya pili, akafika mpaka ya mwisho. Kwa mara ya kwanza siku ile mkono wake haukuwa na haraka.

"Za kila muti," alisema.

"Alors, wewe uliandika saba za muti moja. Za ile kumi na moja ulizitupa mu maji."

Nassoro aliinua uso kutoka kwenye gurudumu, akasema kwamba sasa hata yeye ameelewa, na yeye hakuuliza kitu. Benoît alikuwa amekwisha kufuta ile saba. Saba mara kumi na mbili ni themanini na nne. Akaandika:

2x + 3x + 84 = 12x

Akajumlisha 2x na 3x, akapata 5x. Akaondoa 5x upande huu na upande ule. Ikabaki 84 = 7x. Miti saba ina mita themanini na nne, basi mti mmoja una ngapi? Akagawanya kwa saba. Kumi na mbili.

Alikwisha kusimama aende zake, lakini Évariste alimshika shati. Alimwambia jibu lisilojaribiwa ni uvumi tu. Alirudishe katika maneno ya baba yake, aone kama linakubali. Benoît akajaribu palepale. Moja ya sita ya kumi na mbili ni mbili. Robo yake ni tatu. Mbili na tatu na saba ni kumi na mbili. Pande zote mbili zilikuwa sawa. Akashukuru, akakimbia.

Alipofika barabarani lori lilikuwa linanguruma. Remorke ilikuwa imeachwa kando ya njia. Tonton Urbain alikuwa amesimama kwenye mlango wa dereva, na alikwisha kutaja mita tisa. Benoît alisema kumi na mbili. Mzee akamwambia kwamba tangu asubuhi mti huu umeota kutoka mita moja hadi kumi na mbili, na jua likichelewa kuzama utafika mbinguni. Augustin akacheka, akaweka gia.

Benoît alitamani kupiga kelele. Badala yake alikumbuka namna mwalimu alivyomshika shati. Alimwomba Augustin angoje, akaikimbilia ile kamba ya Papa Émile, akaileta, akaiweka mikononi mwa Tonton wake.

"Tonton, tuamini ya kwako. Metre tisa. Moja ya sita inaingia mu mwamba, metre moja na nusu. Robo inaingia mu maji, mbili na robo. Juu inabaki ngapi?"

Mzee alihesabu kwa vidole, akarudia. Ilibaki mita tano na robo.

"Na kamba ya Papa iko saba," alisema Benoît. "Mwisho ya kamba itazama."

Tonton Urbain aliipitisha kamba mkononi, kipande kwa kipande, kama mtu anayemtafuta nduguye ndani yake. Aliuliza kuhusu kumi na mbili. Benoît alimtajia mbili za mwamba, tatu za maji, saba za juu. Mzee aliirudia kauli ya marehemu kwa sauti ndogo, moja ya sita, robo, inayobaki ni yetu. Kisha akamgeukia dereva.

"Funga remorke."

Mti ulikuja. Ilikuwa kazi ya wanaume wote wa ukoo kuusimamisha katika maji yale, na Benoît hakupumua vizuri mpaka alipousikia ukigonga chini ya tundu na kutulia. Tonton Urbain mwenyewe alipanda kuifunga kamba ya kaka yake nchani. Aliiachia ianguke. Mwisho wake uligusa maji, haukuzama wala haukupungua. Hakuna aliyekumbuka tena utani wa kikombe. Vijana wawili wa ukoo walimfuata Benoît kumwuliza darasa la jioni linaanza saa ngapi.

Maji yalipanda wiki ile. Watu wa ng'ambo walipita kwa mitumbwi, wakauona mti, wakasalimu kama zamani, bila adabu ya ziada.

Kikapu cha kwanza kilipovutwa, mkeka ulitandikwa juu ya mwamba, na kila nyumba ilipata fungu lake. Samaki wakubwa walikatwa. Benoît, kwa mazoea yake, alikuwa amesimama pembeni akiutazama mto. Agathe alimwita akae, naye akakaa. Tonton Urbain alichagua samaki mkubwa kuliko wote, akaweka kisu chini, akamweka samaki yule mikononi mwa Benoît.

"Hii iko nzima," alisema mzee. "Hakuna mutu ataigusa."