Vidonge vya Nyanya Syokau

Nzilani alikuwa na kazi moja kila alasiri akitoka shuleni: kumwosha nyanya yake kidonda cha mguu na kumpa vidonge. Nyanya Syokau alikuwa amejikata kwa jembe shambani kwao Rukanga. Nesi wa zahanati alisema dawa imezwe siku saba bila kukosa, na kwa vile macho ya nyanya yalikuwa hafifu, alitegemea kupewa.

Wiki hiyo mazoezi ya mpira wa pete yakaanza. Nzilani akawa anarudi jua likizama, hoi.

"Umempa nyanya dawa?" mama yake, Carolyne, aliuliza kila jioni.

"Ndiyo, mama."

Vidonge alivitupa chooni, ili pakiti ionekane inapungua, na nyanya akamwambia vimekwisha.

Siku ya sita asubuhi nyanya aliamka akitetemeka, akihema mbiombio, hata asimtambue Nzilani. Jirani yao Donald akawapeleka hospitali mjini Voi kwa pikapu yake.

"Vimelea vya kidonda vimeingia kwenye damu," daktari Mwanamina alisema. "Dawa alimeza?"

"Kila siku," mama akajibu kwa hasira. "Yule nesi wetu alitupatia dawa zisizofanya kazi."

Nzilani aliinamisha kichwa. Kitanda cha pembeni kilikuwa kitupu, shuka zimetolewa. Mwanamke mmoja alikuwa akikusanya kandambili za mzee aliyekuwa amelazwa hapo, huku akilia kimya kimya.

"Ni ugonjwa uo huo," daktari alimwambia mama kwa sauti ya chini. "Aliletwa juzi tu."

Nzilani alihisi uso unamwaka. "Nesi hana kosa," alisema. "Nyanya hakumeza. Mimi nilivitupa vidonge."

Mama alimgeuzia mgongo. Afadhali angemchapa.

Nyanya alitundikiwa dawa ya mshipani, na kwa siku tatu hakuna aliyejua kama angepona. Siku ya nne aliomba uji. Nzilani alimnywesha bila kuthubutu kumtazama, kisha akamweleza yote.

"Uliniambia uongo nikiwa sioni," nyanya alisema. Nzilani akalia.

Daktari Mwanamina akamketisha kando. "Mwanangu, vimelea vikifika kwenye damu, wagonjwa wengi hufariki katika siku chache. Dawa iliyoagizwa imezwe mpaka iishe. Na ukikosea, sema mara moja, maana daktari akidanganywa hutibu asichokijua. Sasa ukirudi nyumbani, anzia kwa nesi. Kamwombe msamaha, maana alilaumiwa bure."