Simu Aliyoiweka Kikapuni

Thomas aliitoa siri ya Daphrose mbele ya watu elfu tatu, siku kumi na mbili kabla ya kwenda kumposa. Hakulewa wala hakulazimishwa. Alikaa kitandani kwake Kinyinya, Kigali, akarekodi sauti kwa Kiswahili safi, akaituma kwenye chaneli yake ya mtandaoni, kisha akaenda kazini kuweka vigae.

Saa saba mchana simu ikaita. Alikuwa amepiga magoti kwenye bafu la tajiri fulani, mikono imejaa saruji.

"Umefanya nini, Thomas?"

"Salamu kwanza, mpenzi."

"Nakuuliza umefanya nini! Kaka Silvère yuko hapa mlangoni. Ameisikiliza sauti yako mara tatu. Hataki kuingia, hataki kukaa."

Thomas akakalia ndoo.

"Lakini sikutaja jina lako."

"Umesema mtunzi wa ule wimbo alifiwa na mama yake Jumapili ya konseri. Kwaya yetu ni watu thelathini na wawili. Nani mwingine alifiwa na mama siku ile?"

"Daphrose, nilisema kwa Kiswahili! Wanaonisikiliza ni Watanzania na Wakenya. Nani huku angejua..."

"Silvère ameendesha lori la Dar miaka tisa! Mimi nimekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura. Wewe na mimi tunaongea nini kila siku, Kichina?"

Simu ikakatika.

Ndivyo alivyokosea. Alikuwa amezoea kusikia Kinyarwanda kila upande asielewe, akadhani na wenzake wako hivyo kwa lugha yake. Mjinga.

Walianza kwa wimbo. Thomas alikuwa na miaka minne Kigali, fundi kutoka Bukoba, chumba kimoja, sufuria moja. Siku za kazi zilipita. Jumapili ndiyo iliyomshinda. Alikwenda misa, akakaa nyuma, akasimama watu wakisimama. Siku moja kwaya ikaimba wimbo wakati wa komunyo, machozi yakamtoka, na hakuelewa neno hata moja. Akamsubiri nje dada mmoja wa kwaya.

"Dada, samahani. Ule wimbo unasema nini?"

"Unasema Kinyarwanda."

"Hilo nimelijua, dada yangu. Nisaidie."

Daphrose akacheka, akamtafsiria palepale kwenye ngazi za kanisa.

"Unasema hivi: Uliniita ukiwa karibu, nikasema ngoja kidogo. Nilipogeuka, nyumba ilikuwa kimya. Bwana, niite tena, hata mara moja tu."

"Ni Mungu anayeita?"

"Kila mtu anasema hivyo."

Jumapili iliyofuata akauliza wimbo mwingine, na mwingine. Daphrose alimweleza maneno, mstari wa Biblia wimbo ulikotoka, na kwa nini unaimbwa Kwaresima na si Pasaka. Thomas akaanza kuyaweka kwenye chaneli: kipande cha wimbo, tafsiri, maana yake. Watu wakaja. Mtu ambaye hakuwa na wa kumwambia usiku mwema sasa aliamka na salamu kutoka Mwanza, Eldoret, Goma. Walimwita mtumishi. Aliipenda sana ile "mtumishi".

Mwaka ukapita, wakakubaliana kuoana. Silvère, kaka mkubwa, ndiye angekaa kwenye kiti cha marehemu baba yao siku ya posa.

Kisha siku moja mvua iliwabana kwenye kibanda cha chai pale Sonatubes, na Daphrose akasema bila kuulizwa:

"Ule wimbo wa kwanza niliutunga mimi."

"Wewe? Na hukuniambia?"

"Si wa Mungu peke yake ule. Sikiliza, na usinikatize. Kabla ya konseri, mwalimu wetu Gakwaya anapitisha kikapu, kila mtu anaweka simu, zisije zikalia tukiimba. Kikapu kilipofika kwangu, simu ikawaka. Nikaona 'Mama'."

"Ukapokea?"

"Nilikuwa na ubeti wa kuimba peke yangu. Nimeufanyia mazoezi miezi miwili. Nikasema nitampigia tukimaliza. Nikaiweka kikapuni inaita bado."

Alikizungusha kikombe kwenye kisahani.

"Jirani alimkuta sakafuni jioni. Simu iko mkononi. Ndugu zangu wanajua simu zilikuwa zimeshakusanywa. Hawajui kwamba niliona. Nilimwambia padri kwenye kitubio. Sasa nimekwambia wewe."

"Sitasema kwa mtu."

"Najua. Ndiyo maana nimesema."

Thomas alikaa na siri hiyo miezi mitatu. Kisha mama mmoja wa Musoma akaandika kwenye chaneli: "Mtumishi, ule wimbo wa kuitwa, nani aliutunga na alipitia nini? Nimemkosea mama yangu, wimbo huo unaniliza." Wengine wakadakia, tuambie mtumishi, tuambie. Thomas akajiambia kwamba ushuhuda unaponya watu. Labda kweli unaponya. Lakini haukuwa wake.

Jioni ile alipanda pikipiki mpaka nyumbani kwa Silvère, Kicukiro. Daphrose alikuwa amekaa kwenye kona ya sebule, kitenge kimefunika kichwa.

"Karibu, shemeji," Silvère alisema. "Kaa. Hapana, usikae."

"Kaka, nimekuja kuomba radhi. Nimeshaifuta ile sauti."

"Umeifuta kwenye simu. Hapa je?" Akajigonga kifua. "Nilimzika mama yangu nikijua alikufa ghafla. Hakuteseka, hakumwita mtu. Nilikuwa nalala kwa hilo tu. Sasa najua aliita."

"Daphrose ameteseka nalo peke yake miaka yote..."

"Usinifundishe dada yangu!"

Akamgeukia Daphrose.

"Na wewe. Mgeni wa Bukoba alijua kabla yangu."

"Niliogopa, kaka."

"Siku ya posa nikae kwenye kiti cha baba, niwaambie wageni nawapa binti wa nyumba hii? Siwezi. Tafuteni mwingine wa kukikalia."

Akachukua koti, akatoka. Hakuugonga mlango. Aliufunga polepole.

Walibaki wawili. Thomas akasogea hatua moja.

"Niliona ni vizuri. Nilidhani watu watapona."

"Walijibu nini?"

"Nani?"

"Watu wako. Ulipowaambia kuhusu mama yangu, walijibu nini?"

"Walisema... amina."

"Wangapi?"

"Daphrose."

"Wangapi, Thomas?"

"Mia nne na kitu."

Daphrose akatikisa kichwa taratibu.

"Mia nne. Padri hanipendi hata kidogo, tuligombana kwa ajili ya kinanda, na miaka yote hiyo amenyamaza. Wewe unayenipenda umemaliza miezi mitatu."

"Nipige. Nitukane. Usiongee hivyo tu."

"Sina nguvu hizo. Nenda."

"Nikungoje?"

"Usiningoje. Mimi nina kaka wa kumngoja."

Kesho yake Thomas alimpigia baba yake mdogo Bukoba, aliyekuwa ameshakata tiketi ya basi.

"Baba, msije."

"Wamekataa ng'ombe?"

"Hapana. Ni mimi nimeharibu."

Mzee akauliza kama amekula.

Wiki ya pili ukaja ujumbe mmoja wa Daphrose: "Nimeacha kwaya. Wakiimba ule wimbo watu wananigeukia. Gakwaya ameuondoa. Usinijibu."

Hakujibu. Aliifunga chaneli, na hakuna aliyempigia kuuliza mtumishi yuko wapi. Akahamia parokia nyingine, Kacyiru, ambako hakuna anayemjua.

Basi, gharama yake ni hii. Mke mmoja, na nyumba waliyokuwa waianze. Shemeji mmoja. Kaka na dada wa tumbo moja, miezi saba hawajasalimiana. Sauti moja imetoka kwenye kwaya. Wimbo mmoja hauimbwi tena popote. Na Jumapili ishirini na tisa mpaka leo, Thomas anasikiliza nyimbo mpya mwanzo hadi mwisho, na hana wa kumuuliza zinasema nini.