Mkaa Usio na Moshi

Nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Ilomba, Mbeya, nimeolewa Mafinga. Niliishia darasa la saba, hivyo nikikosea mnivumilie... lakini nikinyamaza sitatulia.

Nilipojifungua Tumaini, baridi ilikuwa kali mno. Mama mkwe akaja kutoka Idodi kututunza. Kila siku aliwasha jiko la mkaa nje, akangoja moshi uishe kabisa, ndipo akaliingiza chumbani. Mume wangu, seremala, aliziba nyufa za dirisha kwa matambara ili mtoto asipate nimonia. Walifanya kwa mapenzi, siwezi kusema vingine.

Kichwa kikaanza kunigonga! Nikawa natapika, miguu imelegea. Nikitoka kuanika nepi, napata nafuu. Nikirudi ndani, yale yale... Ni nini hiki?

Jirani akaninong'oneza: "Mama Tumaini, huo uji anakupikia nani? Fungua macho!" Labda alinionea huruma tu. Lakini mimi nikaacha uji.

Mama mkwe aligundua. Akajaza kikombe, akanywa chote mbele yangu, akacheka: "Haya, nikifa mnizike Idodi. Huku kwenu hata udongo una baridi!"

Nilicheka na mimi. Moyo wangu haukucheka...

Kesho yake mchana nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda kushinda kwa jirani. Kwa kweli nilikuwa naukimbia ule uji. Mama mkwe alibaki amejilaza kando ya jiko, mlango umefungwa.

Niliporudi nilimwita. "Mama! Mama!" Nikamtikisa, hakuamka...

Hospitali walituambia mkaa uliokolea hauna moshi, lakini hutoa hewa ya sumu, haionekani wala hainuki. Kumbe ilikuwa inatumaliza sote, na ule upepo wa nje ndio ulikuwa dawa yangu!

Je, ningemwambia kwamba naumwa nikiwa ndani tu, angeshtuka? Au angesema ni uzazi? Sijui. Nawaza hivyo kila siku.

Jikoni nilikuta kikombe kimefunikwa kwa kisahani. Uji wangu. Ulikuwa umepoa. Niliunywa wote, nalia...

Tulimzika Idodi.

Wenzangu wa sehemu za baridi, nawasihi! Jiko la mkaa libaki nje, hata kama halitoi moshi. Dirisha lipitishe hewa. Ukiumwa kichwa ndani, ukapata nafuu nje, toa watu wote humo, muende hospitali.

Msitafute mchawi. Toeni jiko.