Maneno ya Geir

"Ketill, nirudishie vitabu vya mume wangu!"

"Uliviweka mwenyewe kwenye pipa la taka za karatasi, mama. Mimi nimeviokota tu. Utavifanyia nini, wewe usiyesoma hata ubao wa basi?"

Majirani wa jengo letu hapa mjini Akureyri walitoka kwenye ngazi. Nilikuwa na kapu la nguo mkononi, nikalitua chini. Nani angeondoka?

Steinunn alishika kiuno. "Ndiyo, sisomi! Miaka yote nimesingizia miwani. Leo basi. Wasikie wote!"

Kwetu, Krismasi watu hupeana vitabu. Kila mwaka Geir alimpa mkewe Steinunn kimoja. Steinunn akifuma soksi, Geir akimsomea. Geir alipofariki, Steinunn hakuweza kuvitazama vitabu vile. Akavitupa.

"Basi njoo nikusomee," Ketill alisema, sauti imeshuka. "Ukurasa wa kwanza wa kila kitabu amekuandikia kitu."

Steinunn alishtuka. Geir alikuwa amemwambia kwamba pale pana jina lake tu.

"Hunisomei! Maneno ya mume wangu si tangazo. Nitayasoma mwenyewe."

"Kwa umri huo?"

"Kwa umri huuhuu!"

Ketill akamrudishia vitabu vyote kumi na kimoja.

Svala wa ghorofa ya pili, mfanyakazi wa maktaba, alikuwa amesikia yote. "Shuleni herufi zilikusumbua?"

"Zinarukaruka kama samaki kwenye ndoo. Mwalimu aliniita mjinga."

"Alikosea. Wengi huona shida hiyo, na wenye akili wamo. Wanajifunza. Tenga dakika ishirini kila siku. Weka kidole chini ya neno, soma kwa sauti. Ukikwama usibahatishe, ligawe neno vipandevipande. Na usijifiche tena."

Wakaanza jikoni kwa Svala. Baadhi ya majirani walicheka. Steinunn akaacha mlango wazi, akasoma kwa sauti kubwa zaidi.

Krismasi ya pili alifungua kitabu cha kwanza. Kidole kilitembea polepole: "Steinunn wangu, ile sahani ya buluu ya mama yako niliivunja mimi. Paka hana kosa."

Alicheka mpaka akalia. Kila kitabu kilikuwa na siri yake. Nyingine hakunionyesha, ingawa nilijitahidi sana.

Kisha akaenda kugonga kwa Ketill.

"Ulikuwa unajua yote haya?"

"Niliyasoma kabla hujanikataza."

"Na hukumwambia mtu?"

"Hata mmoja."

"Hata huyu?" Akaninyooshea kidole.

"Huyo ndiye niliyemficha zaidi."

"Umesoma mambo ya nyumba yangu, Ketill, na hilo sijalisahau. Lakini mdomo unajua kuufunga. Njoo kwangu ule. Nyama ya kondoo ya moshi iko mezani, na viazi vinapoa."