Karatasi ya Haboba Medina

Kila siku alipotoka shule, Hajara alivua sare, akanawa mikono kwa sabuni, akaketi mkekani kando ya bibi yake. Bibi huyo, ambaye kwa desturi ya Wanubi wa mji wa Arua nchini Uganda alimwita Haboba Medina, alichora milaya, yale mashuka meupe ya kutariziwa maua ambayo hutandikwa kitandani kwa bibi harusi. Hakuna anayetaka alama ya kidole kwenye milaya, kwa hiyo kunawa hakukuwa na mjadala.

Haboba alikuwa na ua moja tu, nalo alilichora kwenye karatasi na kuitoboa kwa sindano kufuata mistari. Aliilaza karatasi juu ya kitambaa, akaipapasa kwa kifuko cha unga wa mkaa, na ua likabaki chini kwa vidoti. Ua hilohilo lilikwenda kwenye shuka, kwenye foronya na kwenye kitambaa cha meza, kisha wanawake tofauti wakavitarizi, kila mmoja nyumbani kwake. Kwa kuwa vyote vilitoka kwenye karatasi moja, vilipokutana kitandani vilishikana: kikonyo kilichotokea ukingoni mwa foronya kiliendelea shukani kana kwamba hakijakatwa. Mwaka 1979 walipokimbilia Sudani kwa sababu ya vita, Haboba aliacha hata sufuria zake, lakini karatasi ile alikwenda nayo kifuani.

Mwaka 1991 alipewa kazi ya harusi ya binti aitwaye Sitti, katika mji wa Koboko. Shuka lilichorwa kwanza, likapelekwa kwa Rosa Kiden, mtarizi wa hukohuko Koboko. Kisha Haboba akaitwa kijijini Manibe kumuuguza dada yake kwa siku mbili. Alimwachia Hajara achore foronya mbili na kitambaa cha meza, halafu awapelekee majirani wawili, Driwaru foronya na Driciru kitambaa.

Hajara akataka kuonyesha kwamba amekua. Akazipiga foronya pasi zinyooke, na ile pasi ya mkaa akaiweka kando bila kutazama. Alipoisikia harufu, pasi ilikuwa juu ya karatasi, na nusu ya ua ilikuwa imeungua.

Jamani, afanye nini sasa? Hakuogopa kiboko, maana Haboba hakuwa mtu wa viboko. Aliogopa kuuona uso wake ukihuzunika. Basi akachora ua jingine kwa kukisia, akalitoboa, akaipaka karatasi mpya mkaa na vumbi ionekane kuukuu, na ile ya zamani akaitia motoni. Kwa karatasi hiyo mpya akachora foronya na kitambaa, akavipeleka siku hiyohiyo ya Jumamosi.

Haboba aliporudi hakugundua lolote. Wakiwa wanakula, akaanza kueleza kwa furaha jinsi kitanda cha Sitti kitakavyopendeza, maana vikonyo vya shukani vilitokea vidole vitatu kutoka pembeni, na vya foronya vingekuja kukutana navyo palepale. Hajara akalirudisha tonge sahanini. Kesho yake akapita kwa Driwaru, akapima ukingo wa foronya kwa vidole kana kwamba anacheza. Vilikuwa vitano.

Tangu hapo hakuwa na raha. Driwaru alikuwa hodari wa sindano, na kila Hajara alipopita alikuta jani jingine limeshonwa. Mwanamke wa watu alimwonyesha kwa majivuno, naye akasifu na kuaga haraka. Kila siku alijiambia atasema kesho. Kesho ilifika, naye akanyamaza, na Driwaru akaongeza nyuzi. Ijumaa alikuta foronya ya kwanza imekwisha na ya pili imeanzwa. Siku hiyo alirudi nyumbani mbio, akiogopa kusimama njiani asije akabadili nia.

"Haboba," alisema, "karatasi iliyo sandukuni si yako. Yako niliiunguza."

Haboba aliitoa ile karatasi, akaipapasa polepole kwa vidole.

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

"Na leo Ijumaa," Haboba alisema, akaikunja karatasi na kuiweka kando. Hajara alitamani angalau angefokewa.

Harusi ilikuwa imebaki wiki moja. Asubuhi wakapanda lori kwenda Koboko kumwarifu Rosa. Walipofika kwake, Haboba alikaa kitako na kueleza kwamba ua lake limekufa. Rosa alimtazama kwa mshangao, akakunjua shuka, ambalo lilikuwa limekwisha kutariziwa.

"Ua si iko hapa, mama?" alisema. "Leta karatasi."

Wakalaza karatasi nyembamba juu ya shuka na kuisugua kwa mkaa. Nyuzi zilizoinuka zikajichora zenyewe, jani kwa jani, na vidole vilikuwa vitatu. Haboba akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Waliporudi Arua, alimtuma Hajara akawaambie majirani yeye mwenyewe. Driwaru alisikiliza hadi mwisho, akaziangalia zile foronya, kisha akampa wembe. "Utafumua wewe," alisema. Hajara akafumua jioni zote mpaka macho yakamuwasha, Haboba akachora upya ua la kweli, na Driwaru akashona nyuma yao. Foronya ziliwahi. Kitambaa cha meza hakikuwahi, maana Driciru alikuwa amekaza nyuzi sana, na kilipofumuliwa kikachanika.

Siku ya harusi vikonyo vilikutana, wanawake wakapiga vigelegele. Kisha mama yake Sitti akauliza mbele ya wote kitambaa cha meza kiko wapi. Hajara alimtazama Haboba amsaidie, lakini Haboba aliendelea kunyoosha foronya.

"Mimi ndiye niliyekiharibu, mama," Hajara alisema. "Niliunguza karatasi, nikaficha."

Mama yake Sitti akasema basi, watakingoja.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, Haboba akamshika mkono. "Kuunguza karatasi ni kosa la dakika moja," alisema. "Ningekasirika, tungekwenda Koboko kesho yake, yangekwisha. Lakini uliponyamaza, uliwaacha watu wawili wakosee siku sita bila kujua. Ukiharibu kitu ambacho wengine wanakifuata, sema siku hiyohiyo, kwa sababu wao hawatasimama kukungoja."

Hajara akauliza kwa sauti ndogo kama ataruhusiwa kuchora tena.

"Kitambaa cha Sitti utakichora wewe," Haboba alijibu, "na utakitarizi wewe, mpaka uzi wa mwisho."