Aliyeitikia kutoka Jikoni

Maiti ilikuwa kifudifudi sebuleni, pekupeku, kwenye sakafu iliyolowa. Juu yake tangi la kioo liliendelea na mambo yake: maji ya chumvi yanazunguka, samaki wa manjano wanadonoa mawe. Wao hawakuwa na habari.

Inspekta alichuchumaa, akageuza kiganja cha marehemu. Palikuwa na alama ndogo ya kuungua.

"Shoti," alisema mtaalamu wa umeme wa polisi, tochi mkononi, nusu ya mwili ndani ya kabati la tangi. "Waya wa mashine ya kupooza maji umechubuka. Na chumvi imeganda kila mahali, mpaka kwenye plagi. Umeme ukapata njia hadi majini. Yeye katia mkono, miguu imelowa. Basi."

"Swichi imezimwa. Mbona maji yanazunguka?"

"Pampu ina betri yake ya akiba. Betri yenyewe ina tundu moja tu, na pampu ndiyo imechomekwa. Ukizima swichi, mashine ya kupooza inakufa, pampu inaendelea."

"Na kikata umeme? Si kinatakiwa kuruka chenyewe umeme ukivuja?"

"Kingeruka. Hakipo. Mtu amekitoa, akaunganisha waya moja kwa moja. Kazi safi kabisa, na ya kipumbavu kabisa."

Inspekta hakucheka. Askari wenzake walimwita Barafu, naye hakuona sababu ya kuwakatalia. Bosi wake alishapiga simu: fundi miwani mstaafu, tangi la samaki, ajali, funga jalada, wenyewe wapewe mwili wakazike. Ikiandikwa ajali, mjane angekwenda msibani. Ikiandikwa neno jingine, angekwenda gerezani.

Mjane alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, macho makavu. Chai yake ilikuwa imepoa mpaka imefanya utando.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa."

"Kikata umeme alikitoa nani?"

"Mwenyewe. Kilikuwa kinaruka ovyo kwa sababu ya ile chumvi. Tulikwenda kumwona dada yake, kurudi tukakuta kimeruka, samaki nusu wamekufa. Alilia, afande. Akakitoa."

"Sasa akawa anasafishaje tangi?"

"Ananiita. 'Zima!' Mimi nazima hapo." Aliinua kidevu kuelekea swichi iliyokuwa ukutani, kando ya friji. "Nasema, 'Tayari!' Ndipo anatia mkono."

Inspekta aliitazama ile swichi. Mtu mzima na akili zake alikuwa ametoa kifaa cha kumlinda, akamweka mke mahali pake.

"Leo alikuita?"

"Sikumsikia. Nilikuwa uani naanika nguo. Niliporudi nikamkuta chini. Nikazima, nikamwita jirani."

Akiwa anatoka, inspekta alichungulia chumba cha pili. Kulikuwa na kitanda cha magurudumu kilichokunjwa, na mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Waya wake ulikuwa umeviringishwa vizuri. Alikiinua kitambaa, akakirudisha kama alivyokikuta.

Jirani alikuwa mshonaji, na cherehani yake iliegemea ukuta uleule wa tangi.

"Baba Samaki? Jamani, si nilikuwa namsikia kila siku! Sikio lake zito, akisema neno mtaa mzima umesikia. 'Zima!' Halafu mkewe, 'Tayari!' Kama kwaya."

"Na leo?"

"Na leo pia."

"Mke aliitikia?"

"Aliitikia, sauti ileile. Mimi sitii chumvi, afande, wenye chumvi ni hao." Akajiziba mdomo. "Loo, nisamehe. Mtu amekufa."

"Halafu?"

Mshonaji aligonga ukuta kwa kidole. "Ile mashine yao iko nyuma ya ukuta huu. Inavuma kutwa, inanitoboa kichwa. Wakizima ndiyo nasikia redio yangu vizuri. Leo nikangoja itulie. Wapi! Ikaendelea tu."

"Yeye asingejua kwamba inavuma?"

"Kwa masikio yale? Ukimpigia kelele anasikia. Mvumo hausikii ng'o."

Inspekta alirudi jikoni. Mwili ulikuwa umeshatolewa. Sebuleni mtaalamu alikuwa ameomba swichi iwashwe apime umeme unavyovuja, na mvumo ulikuwa umerudi.

"Mama, hukuwa uani."

Mjane alikisogeza kando kikombe cha chai.

"Alikuita, ukaitikia. Hukuzima. Mtu husahau, mama. Kama ulisahau, sema ulisahau."

Alikuwa anamfungulia mlango wa kutokea, na wote wawili walijua.

"Sikusahau," alisema mjane.

"Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa, na litatumika mahakamani."

"Andika. Mama yangu alikuwa kwenye kile chumba. Alikuwa anapumua kwa mashine. Ile betri ni yake, nilimnunulia mimi, umeme ukikatika imshike. Siku moja nikaenda dukani, huku nyuma umeme ukakatika. Nimerudi, mashine ya mama imechomolewa, imechomekwa pampu. Namuuliza, ananiambia, 'Mama si anaweza kuvumilia kidogo? Samaki hawawezi.'"

"Ukamkuta mama..."

"Mkono umeshakuwa baridi. Watu wakaja, wakasema alikuwa mgonjwa, amepumzika. Naye akasimama mlangoni anapokea pole. Betri hakuitoa. Iko kwa samaki mpaka leo."

"Ukawa na hasira naye."

"Ningekuwa na hasira ningepiga kelele. Nilikufa ganzi, mwanangu. Nikapika, nikafua, nikazima, nikawasha. Leo aliposema 'Zima!' nilikuwa nimesimama hapo, mkono uko kwenye swichi. Nikauangalia mkono. Nikasema 'Tayari.' Kisha nikaushusha."

Inspekta aliandika yote. Alitafuta moyoni huruma, au hasira, au chochote, akakuta pakavu, akaona aibu. Alitoa pingu, akamfunga taratibu, na mjane hakutazama.

"Nyie huko jikoni!" mtaalamu aliita kutoka sebuleni. "Nataka kuichomoa hii mashine, ni kielelezo. Zimeni!"

Mjane aliinuka kabla inspekta hajageuka. Alinyanyua mikono yote miwili kwa pamoja, akabonyeza.

"Tayari!" aliitikia.

Sebuleni hakuna kilichosogea.

"Afande?" sauti ya mtaalamu ilikuwa imeshuka. "Ni kweli amezima?"

Inspekta alisogea ukutani, akaigusa swichi kwa kidole. Nyuma ya ukuta, redio ya mshonaji ilikuwa inasikika neno kwa neno.

"Kweli," alisema.