Masikio ya Aminieli

"Nina mimba, Aminieli," Penina alimwambia mchumba wake, aliyekuwa ameinama mferejini akinawa.

Aminieli akaendelea kunawa. Alipomaliza akageuka, akatabasamu.

"Kahawa yenu mmeshachuma?"

Jamani! Umetoa siri nzito hivyo, unaulizwa kahawa! Penina hakulia. Alirudi kwao Kikatiti moyo umekufa ganzi, akapika, akala, akalala. Ndoa ilikuwa imetangazwa kanisani Jumapili mbili, imebaki ya tatu.

"Nitamwambia mchungaji asitangaze tena," alimwambia mama yake.

"Mrudishie kwanza blanketi la posa. Mkononi mwake."

Ijumaa akalibeba hadi uwanja wa ndege, Olasiti, alikofanya kazi Aminieli. Mwaka huo, 1958, mhandisi mmoja Mwingereza alikuwa amefunga injini ya jeti kwenye zege, akitafuta kelele zake zinazaliwa wapi: mdomoni mwa bomba, au nyuma zaidi, pale hewa ya moto inapokutana na hewa iliyotulia. Aminieli alishika mti mrefu wenye maikrofoni, akiusogeza hatua kwa hatua. Masikio wazi!

Injini ikazimwa.

"Aminieli!" Penina akaita.

Aliyegeuka ni Hatibu, mfanyakazi mwenzake.

"Dada, hakusikii. Ni mwezi wa pili sasa hasikii kitu."

"Hamkupewa vya kuziba masikio?"

"Tulipewa. Yeye alivivua. Mzungu alimsifu kwamba anaonyesha kelele inakotoka hata kabla mashine haijaonyesha. Sifa, dada! Na Aminieli mwenyewe akatukataza tusikuambie. Anaogopa mchungaji hatamfungisha ndoa mtu asiyesikia kiapo."

Penina akazunguka, akasimama mbele ya Aminieli.

"Nina mimba," alisema polepole.

Macho ya Aminieli yakaganda midomoni mwake.

"Tangu lini?" akauliza kwa kelele.

"Nilikuambia Jumatatu."

Aminieli akakaa chini, akalia kama mtoto. Penina alimtazama tu, blanketi bado kwapani. Hakujua kama amemsamehe, wala hakuhisi kitu.

"Kesho kutwa watatangaza," alimwambia Hatibu. "Waache watangaze."

Siku ya ndoa mchungaji akamuuliza Aminieli swali lake. Aminieli akatabasamu tu. Akauliza tena. Watu wakaanza kutazamana.

Penina akamgeukia bwana harusi.

"Aminieli, unakubali kunioa mimi?"

"NDIYO!" akanguruma, na mabenchi ya nyuma yakaangua kicheko.

Penina, aliyekuwa mkavu siku zote hizo, akaanza kulia pale pale mbele ya mchungaji, asiweze kujibu ilipofika zamu yake ya kuulizwa.